Tangi la Kifuniko cha Buluu

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema asije mtu akadhani nasimulia ushujaa. Naogopa mto, naogopa ngurumo, naogopa nyoka wa kwenye nyasi za kando ya barabara, na kuliko vyote naogopa mtambo mzito ulioinua mkono wake wa chuma huku mimi niko chini natafuta waya uliokatika. Hilo la mwisho ndilo linalonilisha. Nimezaliwa Rasbura, Lindi mjini, kwenye nyumba ya wanawake wauza samaki na vitenge, nikaishia kuwa fundi umeme wa mitambo ya barabara. Mama akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu, "Yuko huko na magari," kisha anauliza bei ya nazi.

Masika ya mwaka ule yalikata barabara kusini kidogo ya Kiranjeranje. Pana mto pale ambao kiangazi unauvuka na viatu vyako bila kulowa, na watu wanachota mchanga wa kujengea. Mvua zikinyesha milimani unakuja na magogo. Safari hiyo ulikuja ukang'oa makalvati, ukala tuta la huku na la kule, na ukachukua Fuso iliyojaribu kuvuka ikiwa na dereva na utingo. Utingo alipatikana mbali, kwenye mikoko. Dereva hakupatikana kabisa. Sisi tuliletwa kuchonga njia ya mchepuko na kupanga mawe mtoni ili magari yapite, na tangu siku ya kwanza vibarua walikuwa wakisema pale pana wenyewe wasioonekana. Niliwaambia waache upuuzi. Nikasema kwa sauti kubwa, maana na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Ekskaveta yetu ilinunuliwa mtumba, imetoka Ulaya, na mitambo ya huko imedekezwa. Ina matangi mawili. Kubwa la dizeli, na dogo lenye kifuniko cha buluu, la maji ya urea ambayo sisi tunayaita adiblu. Hayo hayaingii kwenye injini. Yanapulizwa kwenye ekzosi kuusafisha moshi kabla haujatoka. Ndani ya hilo tangi dogo imo sensa inayoyapima maji kama ni yenyewe, thuluthi moja hivi ya urea na iliyobaki maji safi. Ikiona siyo, inawasha taa ya njano mbele ya opereta. Ukiipuuza, inapunguza nguvu ya injini. Ukizidi kukaidi, injini inabaki inaunguruma taratibu, mkono unanyanyuka kama wa mgonjwa, na kupanda tuta huwezi. Ulaya watakwambia ni kwa ajili ya hewa. Sisi tulikuwa katikati ya mto.

Opereta wetu alikuwa mtu mzima wa Songo Mnara, mwenye mvi na goti bovu. Kupanda kwenye mtambo alikuwa akijivuta kwa mikono, lakini akishakaa, alikuwa akishusha jiwe kubwa bila wewe kusikia limegusa chini. Nilimwita Baba. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, anaingia kazini na bismillahi yake. Maneno yake yalikuwa machache. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, na hilo lilinituliza zaidi ya kofia ngumu niliyopewa.

Taa ya njano ilianza kuwaka mapema tu. Ilikuwa na tabia yake: asubuhi inawaka, mchana opereta akishajaza adiblu inafifia, kesho yake asubuhi iko palepale. Kompyuta yangu ilisema ubora wa maji ya urea si sahihi. Nikaenda stoo, nikapima pipa kwa kile kipimo kama darubini, unadondosha tone kwenye kioo unatazama kuelekea mwangani. Pipa lilikuwa safi kabisa. Basi nikasema mbovu ni sensa, au waya wake. Pwani hii adui yetu ni chumvi; hewa yenyewe ina chumvi, inaingia kwenye plagi na kuzila pini mpaka zinaota kutu ya kijani. Ukiniletea kosa la sensa, mimi kabla hata hujamaliza kulisema nimeshaifungua plagi. Nikafungua, nikakuta ukijani kidogo, nikasafisha, nikapaka grisi, nikashangilia. Kesho asubuhi taa ikawaka. Nikabadilisha sensa nzima. Ikakaa kimya, halafu ikawaka tena.

Msimamizi wetu, kijana wa Dar aliyekuwa akivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, aliniambia, "Dada fundi, si uing'oe tu hiyo sensa? Mjini wanazima hayo madude yote, mambo freshi."

"Mjini hawafanyi kazi ndani ya mto," nikamjibu. "Ikizima vibaya huku, nani atakwenda kuivuta? Wewe na miwani yako?"

Akacheka, akaondoka. Fundi asiyejua tatizo liko wapi huwa ana midomo mirefu sana.

Siku ninayoisimulia kulikuwa na jua kwetu, mchanga mtoni umekauka juu, na huko juu milimani weusi mtupu. Opereta alikuwa katikati ya mto anapanga mawe ya mwisho, ng'ambo ya handaki alilokuwa amelichimba mwenyewe. Mimi nilikuwa ukingoni nakunywa chai ya rangi. Nikasikia injini imebadilika sauti. Mkono wa mtambo ukasimama na jiwe likiwa hewani, kisha ukateremka polepole, polepole, ukaliacha jiwe. Opereta akatoa mkono dirishani akaniashiria. Nikajua tumekatwa nguvu.

Nilikuwa sijaweka kikombe chini kibarua mmoja akaja mbio na simu sikioni. Shemeji yake analima ufuta huko juu, bonde hilohilo. Alisema mto umeshajaa kwake na unateremka na miti. Msimamizi akauliza utachukua muda gani kufika. Kibarua akauliza kwenye simu, akasikiliza, akasema, "Anasema tusiulize, tutoke."

Vibarua walitoka wote. Walipanda tuta wakasimama juu wakitazama. Tulimwita opereta atoke, akatikisa kichwa. Nilijua goti lake. Kati yake na ukingo lilikuwako lile handaki, limejaa tope la kukushika mpaka mapajani, na yeye hata ngazi mbili za mtambo alizipanda kwa taabu. Mtambo wenye nguvu zake ungelivuka handaki na kupanda tuta mara moja. Mtambo uliokatwa nguvu ungefika chini ya tuta na kugoma, na huko ndiko mto ungemkuta.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka nimebeba kompyuta kwenye mkoba begani na dumu la adiblu safi mkononi, tope linanivua buti, na mdomoni ninasoma aya za kitoto nilizofundishwa chuo cha Kurani, moja naianza na nyingine naimalizia. Msimamizi alinifuata mpaka handakini, naye, Mungu ampe heri, aliingia, akanishika mkono akanivusha, kisha nikamwambia abaki pale. Alikuwa ameivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtoto kabisa.

"Mwanangu, umekuja kufanya nini?" opereta akaniuliza nilipopanda. "Rudi. Mimi nitauvuta hivihivi."

"Utauvuta mpaka wapi, Baba? Tutani hupandi."

Nikachomeka kebo ya kompyuta. Vidole vilikuwa vinakosa tundu. Mtambo ule ulikuwa unakubali kufutiwa kosa na kurudishiwa nguvu, lakini si mara zote. Ulikuwa umeshafutiwa mara nyingi na sasa ulikuwa umebakiza ruhusa ya mwisho. Nikifuta, utaupima upya ule umajimaji. Ukikuta ni mzuri, nguvu zinarudi. Ukikuta mbaya, unajifunga, na hapo ni mpaka uende karakana. Kwa hiyo lilikuwa swali moja tu: sensa inasema uongo, au inasema kweli? Kama ni uongo, kwa sababu ya waya, nichezee waya kwanza. Kama ni kweli, nishughulikie maji. Muda wa kufanya yote mawili haukuwapo. Nilitazama juu ya mto. Maji yaliyokuwa yanapita kando yetu, kijito cha kuoshea miguu, yalikuwa yameanza kubadilika rangi.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika plagi. Mazoea. Nikajiambia pini, chumvi, pini, chumvi, kama ninavyojiambia kila siku. Lakini woga una faida moja, unakufanya uone aibu ya kurudia jambo lilelile. Nilikuwa nimepima pipa la stoo mara ngapi? Tangi lenyewe sikuwahi kulipima hata mara moja. Adiblu inatoka pipani inaingia tangini, nilikuwa nikisema, itabadilikia wapi?

Nikashuka ubavuni, nikafungua kifuniko cha buluu.

Adiblu haina rangi, na kwenye joto ina harufu kidogo ya choo. Wakati ule kilichonijia puani ni marashi. Marashi ya waridi, kama yale wanayowanyunyizia watu maulidini. Nilibaki nimeinama pale, nikadhani nimerukwa na akili, kwamba hivi ndivyo mtu anavyoanza kufa, ananusa marashi. Nikatumbukiza kijiti cha kupimia, nikadondosha tone kwenye kioo cha kile kipimo kilichokuwa mkobani. Lilikuwa na umanjano. Nikatazama kuelekea jua: kipimo kilikuwa chini, chini sana, karibu nusu yake ni maji ya kuongezwa.

"Baba," nikasema, "umetia nini humu?"

Alikuwa ametoa kichwa mlangoni ananitazama. "Kombe," akasema.

Kombe tunalijua sote kwetu. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji na marashi, na mgonjwa au mwenye hofu anakunywa. Nimenyweshwa utotoni, nilipokuwa naweweseka usiku. Lakini la mtambo sikuwahi kulisikia.

"Kila asubuhi," akaendelea, taratibu, kama anayetoa ushahidi. "Kidogo nanywa mimi, linalobaki natia humo. Kwenye dizeli nisingetia, maji yanaua injini. Kwenye rejeta yanachemka, si adabu kuyachemsha maneno yale. Lakini ulitwambia mwenyewe, tangi hili ni la maji masafi, yanapulizwa yanatoka na moshi. Nikasema basi yatoke, yauzunguke mtambo wote kama ubani. Tunafanya kazi juu ya yule dereva, mwanangu. Yuko hapahapa chini."

Nilitaka kumpiga. Nalisema hivi hivi, mtu mwenye umri wa baba yangu, nilitaka kumpiga kwa spana. Nimebadilisha sensa! Nimelala chali kwenye tope nikisafisha pini! Nikamwambia maneno ambayo kwa mtu mzima hayasemwi, na yeye akayapokea yote, ametazama mikono yake. Msimamizi handakini akapiga kelele tufanye haraka. Hapo nikausikia. Ulikuwa mlio wa chini, kama lori linalopandisha mlima mbali, ila haubadilishi gia.

Nikashika spana ya bolti ya chini ya tangi ili niyamwage.

"Usiyamwage chini!" opereta akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia amepaza sauti. "Yatakanyagwa. Yana maneno ya Mwenyezi Mungu."

Nikaiacha spana kwenye bolti. Niliona kama ninaona kichekesho, mauti yanakuja na sisi tunajadili fiqhi. Lakini ukweli ni kwamba na mimi nisingeweza. Nililelewa hivyo; maji ya kombe hayamwagwi njiani, hayamwagwi chooni, na hofu niliyokuwa nayo haikuwa ya kuongezea na hiyo.

"Mtoni je?" nikamuuliza. "Maji yanayokwenda?"

Akafikiri. Wallahi alifikiri, na mlio ule unakuja. "Yanayokwenda, sawa."

Basi nikalegeza bolti, nikakinga kwa kopo la grisi nililolifuta kwa kitambaa cha kichwani, nikawa namwaga kwenye kijito, kopo baada ya kopo, marashi yamenijaa mikononi. Tangi likaisha. Nikafunga. Nikamimina dumu la adiblu, na hapo ikabidi nifanye jambo gumu kuliko yote: kusubiri. Sensa ile inapima kwa kusikiliza sauti ndogo inayoipitisha ndani ya maji, na maji yakimiminwa kwa haraka yanajaa mapovu. Ukipima kwenye mapovu inakwambia maji mabaya. Nilipanda juu, nikakaa na kompyuta mapajani kwenye ngazi ya mlango, kidole kiko juu ya kitufe, na sikubonyeza.

"Nini?" opereta akauliza.

"Mapovu. Yatulie."

Niliona magogo kabla ya kuona maji. Yalikuwa yanapinda kona ya juu ya mto, meusi, yamebebwa kama vijiti vya moto, na nyuma yake ukuta wa rangi ya udongo. Haukuwa mrefu. Nilidhani ungekuwa mrefu. Ulikuwa wa kiunoni tu, na wa namna hiyohiyo ndio uliobeba Fuso. Nilijikojolea kidogo, na sioni haya kulisema, maana nilikuwa nimeloa kote na hakuna aliyejua.

Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri. Opereta akasoma kitu kwa sauti ya chini na mimi nikamwitikia amina bila kujua ameomba nini. Taa ya njano ikabaki. Ikabaki. Halafu ikazima, na injini ikavuta pumzi.

Yule mzee hakugeuka hata kuniangalia. Aliuelekeza mtambo handakini mimi nimening'inia mlangoni, akaegesha ndoo ya mtambo ng'ambo ya handaki akajivuta nayo, msimamizi akadandia chuma cha pembeni, na tukapanda lile tuta huku tumelalia nyuma, naona mbingu tu. Vibarua juu walikuwa wanatupungia kama tunaweza kukosea njia. Minyororo ya mtambo ilipogusa lami nikasikia nyuma magogo yanagonga mawe tuliyoyapanga. Yalikwenda yote. Kazi ya siku zile zote ilikwenda, na kijito tulichokuwa tumemimina kombe hakikuonekana tena kilikuwa wapi.

Nilishuka nikakaa barabarani. Msimamizi alikuwa anatapika kando. Opereta alijishusha kwa mikono yake, akachechemea mpaka nilipo, akasimama.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usitie tena, Baba. Chochote. Hata zamzam."

"Sitatia."

Sikumwambia mtu. Kwenye ripoti niliandika kwamba maji yaliingia tangini, na hayo yalikuwa kweli. Msimamizi alisikia kila kitu na yeye hakusema, mpaka leo.

Mto ulichukua siku kadhaa kushuka. Siku uliporudi kuwa kijito tuliambiwa tuanze upya. Nikaupima mtambo asubuhi, tangi na pipa, vyote safi, hakuna taa wala harufu. Nikamwonyesha opereta dole gumba. Nilijisikia fundi. Akapanda kwa kujivuta, akakaa, akafunga mkanda.

Hakuwasha.

Vibarua walisubiri, msimamizi akatazama saa, na mimi nikadhani taa imewaka tena. Nikapanda kwenda kuangalia. Hapakuwa na taa. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, na mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, tena vibaya, anaikandamiza isionekane. Akanitazama, na sura yake ilikuwa ya mtu niliyemwondolea kitu nisimpe kingine.

"Nimejaribu kuingia bila chochote," akasema. "Siwezi."

Kwenye ekskaveta kiti ni kimoja. Nilijibana ubavuni mwake kwenye sanduku la vifaa, magoti yangu yamegusa wenzo wa kuendeshea minyororo, nikafunga mlango. Sheria zote za usalama zinakataza. Msimamizi aliona akageuka akatazama pengine.

"Na wewe unaogopa?" opereta akaniuliza.

"Nakufa kwa woga, Baba. Tangu siku ya kwanza."

Akashusha pumzi ndefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Akawasha, tukateremka.